Magurudumu ya Jamaldin

Mola akitaka wawili wakutane, hachagui pahali patulivu. Awadh bin Salim na Nabiha binti Yusuf aliwakutanisha Biashara Street kabla ya alasiri, saa ambayo wauza leso wametandaza mali yao mpaka barazani, wachukuzi wanapaza sauti "Nipishe! Nipishe!", na mwenye kupita hupita kwa ubavu. Ulikuwa mwisho wa mwaka wa tisini na nne, nao mwezi ni Rajabu.

Nabiha alivaa buibui la zamani, la kufungwa kwa kamba kichwani, lenye kuburura chini. Yale mapya ya mtindo wa koti hakuyapenda wala hakuyachukia. Tangu afe mumewe Jamaldin, na eda kwisha, na mwaka kupita juu ya eda, hakukuwa na kitu alichokipenda wala alichokichukia. Siku aliyoletewa habari za mauti, aliuliza kama wali umeshaepuliwa jikoni. Na tangu siku hiyo hakutokwa na chozi. Shangazi yake, Bi Khairiya, alimtilia sukari nyingi katika chai ya kila asubuhi ili apate nguvu, naye aliinywa kama anywaye maji.

Bi Khairiya alikuwa akibishana na muuza leso ndipo ikasikika nguo ikichanika.

"Simama! Simama wewe!"

Awadh alishika breki. Alikuwa juu ya baiskeli nyekundu ya milimani, yenye matairi mapana kama mkate wa mofa, naye amevaa shati jeupe, suruali ya kaki na kofia ya kushonwa kwa mkono. Pindo la buibui la Nabiha limeingia katika mnyororo hata halionekani.

"Niwieni radhi," alisema, akipiga magoti pale pale njiani.

"Baiskeli gani hii?" Bi Khairiya alimsimamia kichwani. "Haina madigadi, haina kifuniko cha mnyororo! Yatembea uchi mchana kweupe!"

"Ndizo za kisasa, mama. Ni za milimani."

"Na hapa pana mlima gani? Mlima wa leso?"

Wauza leso wakacheka. Awadh, masikio yakimwaka moto, alizungusha pedeli kinyumenyume kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaivuta nguo kidogo kidogo, akijihadhari asimguse mwenyewe. Alipomaliza aliinua macho. Nabiha alikuwa akilitazama pindo lililojaa mafuta kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Umeumia, dada?"

"Sijui," akajibu.

Wengine husema ndiyo, wengine husema la. Awadh hakupata kusikia jawabu kama hilo, na neno hilo moja likamkaa kifuani. Bi Khairiya, aliyelelewa katika nyumba ya watunzi, hakumwachilia hivi hivi:

"Kijana wa baiskeli, buibui umelila,
Leta jipya la asili, ama ulipe kwa dhila!"

"Nitaleta, mama. Nitaleta wapi?"

Akapewa nambari ya simu ya nyumba yao, Mji wa Kale.

*

Alipiga simu kesho yake baada ya isha. Simu ilikaa ukumbini, na Bi Khairiya alikaa karibu na simu.

"Nauliza urefu wa buibui," alisema Awadh.

"Mwambie mpaka chini," Bi Khairiya alinong'ona kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili.

"Mpaka chini," alisema Nabiha.

"Nimesikia mara mbili, ahsante." Awadh alicheka. "Na mwambie shangazi kwamba kosa si la baiskeli. Ni la mpandaji. Macho yalikuwa kwingine."

"Kosa ni la baiskeli. Hapa nyumbani ipo ya gurudumu la inchi ishirini na nane. Haijapata kula nguo ya mtu."

"Ishirini na nane! Binti Yusuf, hilo ni gurudumu la babu zetu."

"Babu zetu walifika walikokwenda."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Buibui lilipelekwa, lakini simu hazikukoma. Ugomvi wa magurudumu ulikuwa mkubwa siku hizo. Awadh alikuwa na duka la baiskeli Mwembe Tayari, alilorithi kwa babake, na kila alasiri watu waligawanyika hapo mapande mawili. Baya, fundi wake, mtu wa Kaloleni, alisimama na ishirini na nane.

"Likikuta shimo, lapita juu," alisema Baya. "Hilo lako la ishirini na sita lateremka shimoni kwanza, limsalimu mwenye shimo."

"Na likisha kumsalimu, latoka zima," alijibu Awadh. "Lako hupinda kwa gunia moja. Langu ni fupi, ni imara, na vichochoroni lageuka kama jicho."

"Na mikono je? Ukifika Mbaraki juu ya kidude hicho, mikono yafa ganzi. Hujui kama umeshika hendeli au umeshika ndizi."

Maneno hayo Awadh aliyachukua yote akampelekea Nabiha kwa simu, naye alisikiliza. Hakucheka, ila mara moja alisema, "Baya ana haki," na Awadh akalala na furaha kama aliyepewa zawadi. Hakujua, maskini, kwamba upande wa pili wa waya yule mwanamke alikuwa akijichunguza, kama mtu ajibinyaye mguu uliokufa ganzi: Je, hapa nasikia? Na hapa?

Mwezi wa Shaaban ulipoandama, Awadh alimtuma ami yake kwa Haroun, kaka wa Nabiha na walii wake, kupeleka posa. Haroun alikuwa mtu wa taratibu, mwenye ndevu zilizochanwa vyema, na jawabu lake lilikuwa la kisheria.

"Mwari huposwa kwa walii wake, na kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Lakini huyu ni mjane. Mjane hana budi atamke mwenyewe. Nitamuuliza."

Akamuuliza. Nabiha akasema, "Nipe muda, kaka."

"Muda wako ni mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Si uungwana kumfungisha mtu na posa yake. Usiposema neno, nitairudisha."

*

Hapo ndipo Awadh alipofanya kosa. Na lilikuwa kosa la mtu apendaye.

"Nabiha," alisema kwa simu, "Haroun aniambia ile baiskeli ya ukumbini imeliwa na chumvi, ringi zote kutu. Niachie mimi niitengeneze. Niipake rangi, niitie magurudumu mapya, ya ishirini na sita. Wasemaje, muhibu wangu?"

Nabiha alikuwa ameisimamia baiskeli yenyewe. Swali lilimfikia kama sauti itokayo nyumba ya jirani. Alitaka kusema neno, akalitafuta, asilione. Akanyamaza.

Awadh alingoja. Kisha akatabasamu gizani. Hakupata kuoa, na mabinti aliowahi kusikia wakiposwa, dada zake na binti ami zake, wote walijibu kwa kunyamaza, na nyumba nzima ikapiga vigelegele juu ya kimya hicho.

"Basi nimefahamu," alisema kwa upole. Asubuhi yake Haroun akamtolea baiskeli mlangoni, akidhani dadake amekwisha ruhusu.

Baya alipoona kazi anayopewa alishika kiuno. "Bwana Awadh, fremu ya ishirini na nane wataka kuivisha viatu vya mtoto? Pedeli zitakwaruza chini. Breki zitashika hewa."

"Breki tutazirefusha."

"Na haya ya zamani?"

"Yatoe. Mpe ayatakaye."

Awadh aliirudisha mwenyewe, inang'aa nyeusi kama wanja, imesimama juu ya matairi mapana. Nabiha alifungua ubao mmoja wa mlango. Aliitazama kuanzia hendeli, macho yakateremka, yakasimama.

"Magurudumu yako wapi?"

"Ndiyo haya. Mapya. Yazungushe uone."

"Magurudumu ya Jamaldin yako wapi?"

Awadh aliposikia jina, tabasamu lilimtoka. "Yalikuwa kutu, Nabiha."

"Kila Ijumaa alikaa hapa kizingitini akisugua spoki, moja moja." Hakupandisha sauti, alisema kama asomaye tangazo. "Ijumaa ya mwisho alilianza la mbele. Akafika nusu. Akasema, nimechoka, nitamaliza baadaye. Nusu ilikuwa ikimeta, na nusu ina vumbi. Sikuigusa."

"Sikujua. Wallahi sikujua. Nilikuuliza, ukanyamaza, nami…"

"Mimi si mwari, Awadh. Mwari hunyamaza kwa haya. Mimi nikinyamaza, nimenyamaza tu."

Akaurudisha ubao wa mlango polepole, kama afungaye mlango wa chumba cha mgonjwa.

*

Simu ikawa yajibiwa na Bi Khairiya.

"Hayupo, mwanangu."

"Yuko wapi, mama?"

"Yuko papa hapa, nimegusana naye bega. Lakini hayupo."

Awadh aliweka simu chini. Angalau angeliweza kuyatafuta yale magurudumu. Baya alikuwa amempa magurudumu Dzoro, ndugu yake, mchukuzi wa Mbaraki. Na Awadh akapanda ile nyekundu yake akaenda bila kupumzika, juu ya njia iliyojaa mashimo ya malori. Alipofika, vidole vyake havikuweza kuuachia mkono wa breki. Alivitazama: vilikuwa vyake, navyo havikuwa vyake. Akakumbuka neno la Biashara Street. *Umeumia? Sijui.* Akasimama kando ya njia muda mrefu kuliko mahitaji ya mikono.

Dzoro alikuwa mtu mrefu, amejifunga kikoi juu ya kaptura, na gurudumu la mbele la Jamaldin lilikuwa katika baiskeli yake, limejaa tope.

"La nyuma lori limelikanyaga jana," alisema. "Limekuwa kama chapati. Lakini hili, bwana wangu, hili ndilo gurudumu! Labeba simiti na halilalamiki."

"Nibadilishie. Nitakupa jipya la kipimo hicho hicho."

"Jipya kwa kuukuu?" Dzoro alimtazama usoni, akaacha kucheka. "Ni la marehemu?"

"Ni la marehemu."

"Basi chukua kwanza. Jipya utaleta."

Awadh hakuliosha. Aliogopa hata kulipangusa.

*

Siku ya ishirini na tisa ya Shaaban, watu wakijiandaa kwenda kutazama mwezi, Awadh aliingia Mji wa Kale akikokota baiskeli ya ajabu: mbele ishirini na nane, nyuma ishirini na sita. Baya alimsindikiza kwa macho tangu dukani akisema yafanana na mbuzi aliyesimama kula majani ya juu. Haroun alikuwa ameketi barazani kwake, na mlangoni, nyuma ya ubao, walikuwapo Nabiha na Bi Khairiya na sinia ya chai.

"Salaam aleikum."

"Wa aleikum salaam," alijibu Haroun. "Ni nini hiki, Awadh?"

"Ni kilichopatikana." Aliegemeza baiskeli ukutani, akauelekea mlango pasi na kuinua macho. "La nyuma limevunjika, sikuliwahi. La mbele ndilo hili, lakini limetembea Mbaraki, na tope limeingia kote. Ile nusu na nusu haijulikani tena. Sina la kuirudisha, wala sikuja kuomba unisamehe. Nimekuja kukurudishia kilicho chako, na kukiri kwamba nilisikia jawabu usilolitoa."

Mlango ulifunguka. Nabiha alitoka, akachukua kitambaa cha sinia, akaketi kizingitini. Akaanza na spoki moja. Tope lilikuwa kavu, likadondoka juu ya buibui lake jipya. Akaenda ya pili, na ya tatu. Alizizunguka zote, alizokuwa amezisugua Jamaldin na asizokuwa amezisugua, kwa kuwa hakuweza kuzitambua, mpaka gurudumu zima likawa rangi moja.

Haroun alikohoa. "Nabiha, dada yangu. Mwezi waweza kuonekana leo, na mtu huyu ni mwenye haki ya jawabu. Awadh bin Salim amekuposa. Wakubali?"

Nabiha alikikunja kitambaa. Midomo ilifunguka, ikafumba.

"Amenyamaza!" Bi Khairiya alitoa mkono wake nyuma ya mlango, tayari kwa kigelegele. "Keshakubali, Haroun! Mbona wangoja?"

"La, mama," alisema Awadh. "Bado hajasema. Na asiposema, nitachukua posa yangu nende, na nitamshukuru Mungu kwa hiyo hiyo. Lakini kimya chake sitakichukua tena."

Nabiha akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama kama mtu atazamaye kitu kilicho karibu.

"Nimekubali," alisema.

Sauti yake haikuwa na furaha ya kusikika, wala huzuni. Ilikuwa sauti ya mtu aliyelitoa neno mbali sana, akalifikisha. Kisha akaongeza, "Na la nyuma liache hivyo hivyo, dogo."

"Pedeli zitakwaruza," alisema Awadh.

"Nazikwaruze."

Kigelegele cha Bi Khairiya kikapanda madirishani, majirani wakafungua mbao za madirisha kuuliza kulikoni, na Haroun akamshika Awadh mkono akianza kumhesabia mambo ya akdi, baada ya Idi inshallah. Nabiha alibaki kizingitini. Shangazi yake alimmiminia chai kama kawaida, naye akaipokea kama kawaida, akapiga funda. Akaishusha, akaiangalia ndani ya kikombe.

"Shangazi," alisema, "chai hii ina sukari nyingi mno."

Bi Khairiya akasita, birika mkononi.

"Ndiyo ile ile, mwanangu," alisema polepole. "Ile ile ya kila siku."