Honi Iliyopigwa kwa Mapenzi

Maji yaliingia saluni bila hodi. Yalipita dirishani, yakamkuta mteja aliyekuwa ndiyo kwanza amekaushwa nywele, yakamlowesha mpaka viatuni. Nje, katikati ya soko lililofurika watu, wazima moto wa kujitolea walikuwa wakionyesha ujuzi wao, na mpira wa maji ulikuwa umewaponyoka. Ulikuwa ukijipigapiga chini huku wanaume wazima wakiurukaruka.

Msusi akatoka mbio. Alikuwa amevaa gauni la njano na ndala, kitana kimechomekwa kwenye misuko yake iliyomfika kiunoni, na uso wake haukuwa na salamu ya mtu.

"Nani kashika mpira huu?"

"Kwa sasa hivi, hakuna," alijibu kijana mrefu aliyesimama kando ya lori la maji, mkono wake kwenye koki ya pampu.

"Na wewe unacheka?"

"Sicheki, dada. Nafunga maji."

"Si ufunge haraka!"

"Nikifunga ghafla mpira utapasuka, tulowe wote. Taratibu."

Msusi hakungoja taratibu yake. Aliurukia mpira, akaukumbatia kwa mikono yote miwili, akaulalia. Mpira ukatulia. Soko zima likapiga makofi, na yule kijana, dereva wa lori, ambaye kwa neno lake hilohilo mji mzima ulimwita Taratibu, akasahau kabisa koki aliyoishika.

"Kumbe wewe unasuka nywele tu?" aliuliza.

"Na wewe unamwagia watu maji tu?"

Kamanda wao alikuwa mwenye bucha, aliyepewa ukamanda kwa sababu sauti yake ilifika mbali kuliko kipaza sauti. Alimtazama msusi kutoka kitana hadi ndala. "Mafunzo ni Jumamosi asubuhi," alisema. "Njoo na viatu."

Mji ule ulikuwa mdogo, mashamba yameuzunguka pande zote. Zimamoto ya serikali ilikuwa mbali, na kila ilipofika ilikuta majivu yamepoa. Kwa hiyo watu walijizimia wenyewe: mwenye bucha, fundi baiskeli, seremala, mwalimu wa hesabu na wengineo. Mwanamke hakuwapo hata mmoja, na hakuna aliyewahi kueleza kwa nini. Mambo mengine ndivyo yalivyo, hayana sababu ila yana walinzi.

Mama yake msusi alipoona koti la kuzimia moto limeanikwa kwenye kamba yake, alishika kiuno.

"Mwanangu, moto hukimbiwa."

"Tukikimbia wote, mama, nani atauzima?"

"Wenye ndevu."

"Ndevu ndizo zinazoungua kwanza."

Mama akacheka bila kutaka, na siku hiyo ikapita.

Koti lilimfika magotini, akakunja mikono yake akaendelea. Kofia ngumu ndiyo iliyogoma: haikuingia juu ya misuko. Wanaume wakatazamana, wakasema kwa upole wa uongo kwamba basi, imeshindikana. Jumamosi iliyofuata alikuja amenyoa. Mwanamke ambaye kichwa chake ndicho kilichokuwa tangazo la saluni, amenyoa kipara! Kofia ikaingia vizuri kabisa, na hakuna aliyekuwa na la kusema.

Alijifunza kukunja mipira, kuunga viungo vyake bila kuviangalia, na kutambaa. Kutambaa ndiko kulikomtoa jasho. Waliwasha majani mabichi ndani ya ghala kuukuu mpaka moshi ukajaa, wakamwambia aingie, kisha aufuate mpira kwa mkono mpaka mlangoni. Mara ya kwanza aliufuata upande usio wake, akagonga ukuta kwa kofia. Alipotoka akikohoa, Taratibu alikuwa amesimama na kikombe cha maji.

"Ulikuwa unatafuta nini kule ukutani?"

"Mtu wa kunichekesha. Kumbe yuko nje."

"Yuko nje, na anakungoja."

Hapo ndipo mapenzi yao yalipoanzia, na wala hawakuyaficha. Simu zikawa haziishi.

"Umefika nyumbani, kipenzi?"

"Nimefika. Nanuka moshi mpaka kucha."

"Ndiyo marashi ninayoyapenda."

"Basi siogi tena."

"Usinitishe, laazizi."

"Na wewe lini utaliendesha hilo lori kwa kasi kidogo?"

"Siku nikija kwenu kuposa."

"Kwa mwendo wako nitakuwa bibi kizee!"

Msusi alimpenda. Alipenda mikono yake iliyojaa grisi, alipenda jinsi alivyoifufua ile pampu mwenyewe kutoka vyuma chakavu na kuifuta kila jioni kwa shati lake la zamani. Na katika kazi alimwamini, kwa sababu kazi yenyewe ilidai hivyo. Wenzake wakiwa ndani ya nyumba inayoungua, dereva ndiye jicho lao. Huangalia paa, huangalia rangi ya moshi, na akiona jengo linataka kuanguka hupiga honi mfululizo. Honi ikilia hakuna kubishana; unaacha kila kitu unatoka. Anayebisha hafai, na anayeipiga bila sababu hafai zaidi.

Moto ulishika mchana mmoja kwenye mashine ya kusaga nafaka ya mjane mmoja. Ulianzia kwenye nyaya, ukaparamia magunia. Msusi aliingia mbele, ameshika mdomo wa mpira, fundi baiskeli nyuma yake amemshika bega. Joto lilikuwa la kukausha mate. Walitambaa mpaka karibu na magunia, maji yakaanza kupiga panapostahili, na moto ukaanza kunywea. Msusi aliuona kwa macho yake ukirudi nyuma.

Honi ikalia.

Ilikuwa ndefu, ya kiwewe. Msusi aliuma meno, akatii, wakatoka. Moto ukapata nafasi ukarudi kwa hasira, na kabla ya jioni mashine yote ilikuwa imekwisha. Mjane alikaa chini palepale barabarani, kanga yake imejaa unga na masizi, akalia bila kujificha.

"Uliona nini?" kamanda alimuuliza Taratibu mbele ya watu.

"Niliona hatari," alijibu, akainamisha kichwa.

Hakusema zaidi, na mji ukajaza yaliyobaki. Sokoni, buchani, mpaka kwenye foleni ya maji, ilisemwa kwamba msusi alipiga yowe humo ndani, ndipo dereva akalazimika kupiga honi amwokoe. Fundi baiskeli alipoulizwa, alisema maji yalikuwa na kelele nyingi, hakusikia vizuri. Mwoga yule! Angesema tu kwamba hakusikia yowe, ingemgharimu nini?

Kesho yake asubuhi msusi alikwenda kumsaidia mjane kutoa vyuma vilivyoungua. Alifika pale alipokuwa amelala kifudifudi jana, akainua macho. Mabati yalikuwepo. Boriti zilikuwepo, nyeusi kwa masizi lakini imara. Alitoa simu.

"Umeamkaje, mpenzi?" Taratibu aliuliza.

"Mpenzi baadaye. Niko kwenye mashine. Paa liko juu ya kichwa changu, zima kabisa. Uliona nini jana?"

Taratibu alianza kuuliza kama amekwisha kunywa chai.

"Taratibu, nakuuliza."

"Nilikuona unaingia. Halafu moshi ukakufunika, nikawa sioni kingine chochote. Mkono ulienda wenyewe. Niliogopa."

"Kuogopa nakusamehe. Hata mimi naogopa kila nikiingia. Lakini mji mzima unasema nilipiga yowe, na wewe ulisimama pale, umefunga mdomo."

"Wangeninyang'anya pampu."

"Kwa hiyo ukawapa mimi."

Akakata. Alikaa kwenye kifusi akalia, kwa uchungu na kwa hasira, kwa sababu alikuwa bado anampenda na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Siku zote zilizofuata simu iliita ikachoka. Taratibu alikuja saluni na shati lililopigwa pasi; msusi hakugeuka kwenye kichwa alichokuwa akikisuka.

"Mwambie huyo kaka," alimwambia mteja wake, "leo hatunyoi wanaume."

Jumamosi kamanda alimwita pembeni. Sauti yake kubwa ilikuwa imekuwa ndogo ghafla.

"Dada, tumeonelea kuanzia leo ushike huduma ya kwanza. Na chai."

"Mmeonelea nani na nani?"

"Sisi... viongozi."

"Na mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa. Ila ile siku..."

Msusi hakumngoja amalize. Alikwenda kwenye lori, akaufungua ule mdomo wa shaba kutoka kwenye mpira, akautia kwenye mkoba wake mwekundu, akafunga zipu.

"Bila huu hamna mafunzo," alisema. "Itisheni mkutano. Nikikutwa na kosa, nitaurudisha na chai nitapika. Nisipokutwa nalo, mtaniambia mbele za watu."

Mkutano ukaitishwa Jumatatu, saa za mchana, darasani kwa mwalimu wa hesabu. Wanaume wenye matumbo walijibana kwenye madawati ya watoto. Mjane alikuja, na mama yake msusi akakaa mbele kabisa, mikono imekunjwa. Msusi alisimama na gauni lake la njano, kipara chake kinang'aa, mkoba begani.

"Sikupiga yowe," alisema. "Aliyesikia asimame."

Madawati yalilia kidogo, lakini hakuna aliyesimama.

"Sasa honi ilipigwa kwa nini?" seremala aliuliza.

"Sikuipiga mimi."

Mama yake alimvuta gauni. "Sema, mwanangu. Si unajua?"

"Sisemi, mama. Mwenyewe ana mdomo."

Dawati la nyuma likasukumwa. Taratibu alitembea mpaka mbele, akaweka funguo za lori mezani, akamgeukia mjane kwanza.

"Mama, nisamehe. Mashine yako ilikuwa inaokolewa. Walikuwa wameushinda moto, na mimi nikawatoa. Paa halikuwa na kitu. Huyu hakupiga yowe. Niliyepiga yowe ni mimi, nikalipiga kwa honi. Halafu nikawaacha mseme ni yeye."

Mjane alimtazama. "Nitakusamehe siku nikiweza," alisema. "Leo bado."

"Kwa nini lakini?" kamanda aliuliza.

"Kwa sababu nampenda."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa kwa macho ya mama yake msusi.

"Nampenda," Taratibu alirudia, "na ndiyo maana sifai kumlinda akiwa ndani. Chukueni funguo."

Kamanda alijikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, na pampu ile ilikuwa na wazimu wake ambao ni Taratibu pekee aliyeuelewa. "Kijana amesema ukweli, na kusema ukweli si kazi ndogo," alianza. "Dada, wewe ndiye uliyekosewa. Tukimrudisha kwenye pampu, utaingia kwenye moto yeye akiwa nje?"

Macho yote yakamgeukia. Msusi alimwangalia yule mwanamume, mikono yake iliyooshwa mpaka ikawa kama ya mtu mwingine, na moyo ukamwambia aseme ndiyo. Lakini moyo haukuwa na kura pale.

"Siingii," alisema. "Nikiwa ndani haangalii paa, ananiangalia mimi, na watu wanaunguliwa. Pampu na honi apewe seremala, na huyu amfundishe wazimu wote wa hiyo pampu. Mimi nirudi mbele kwenye mpira, palepale nilipokuwa. Wanaokubali wainue mikono."

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Taratibu. Ukafuata wa fundi baiskeli, ambaye hakuthubutu kumtazama mtu usoni, kisha wa seremala, kisha darasa zima. Mjane naye aliinua wake ingawa hakuwa mwanachama, na hakuna aliyemwambia aushushe.

Nje, Taratibu alisimama peke yake kando ya lori. Msusi alimfuata.

"Umenikasirikia?"

"Umesema kweli. Inauma, lakini umesema kweli."

"Basi usideke. Jumamosi utaanza mafunzo ya mpira, pamoja na wageni."

"Nyuma yako?"

"Nyuma ya fundi baiskeli. Mimi utaniona nikitoka."

Alicheka, kisha macho yakamjaa machozi, na hakuyafuta. "Nikikuuliza sasa kama utakubali nikuoe, utanifukuza?"

"Ukiniuliza kwa kunong'ona hivyo, ndiyo. Uliponikosea ulinyamaza mbele za watu. Ukinitaka, nitake mbele za watu."

Watu walikuwa wanamiminika kutoka darasani. Taratibu alipanda kwenye ngazi ya lori, akavuta pumzi.

"Jamani!" alipaza sauti mpaka kamanda akashtuka. "Nataka kumwoa huyu! Si kwamba aache moto, hapana! Hivyohivyo alivyo!"

"Tumesikia," mama yake msusi alijibu kutoka mlangoni. "Lakini wa kujibu ni yeye."

"Nimekubali!" msusi alipiga kelele.

Kuku walikimbia. Mwanafunzi wa darasa la mbali alichungulia dirishani. Msusi aliwageukia wanaume wa zimamoto, wote kwa pamoja, mkoba wake bado begani.

"Mmeisikia? Hiyo ndiyo sauti yangu nikipiga kelele. Siku ile kwenye mashine, kuna aliyeisikia?"

"Hatukuisikia," kamanda alijibu, mbele za watu.