Mume Aliyehamia Sebuleni

"Unakwenda wapi na begi?"

"Kwetu."

Fundi betri alisimama mlangoni, mikono ingali myeusi kwa kazi. Tangu apimwe hospitali, miezi kadhaa iliyopita, alikuwa analala kwenye kochi la sebuleni. Mkewe chumbani alisali peke yake, akazima taa peke yake, akaukumbatia mto.

"Kama umepata mwingine, niambie. Mimi si mtoto mdogo."

"Mwingine yupi, mke wangu?"

"Basi nimekukosea nini? Soma alichonitumia dada yako."

Alisoma: *Wifi, hilo tumbo limefungwa kufuli? Mpishe mwenzio azae.*

Akamrudishia mkewe simu.

"Tatizo ni langu. Daktari alisema mbegu zangu zipo, lakini nguvu ya kuogelea hazina."

"Ndiyo ukahamia sebuleni?"

"Betri ikiwa dhaifu huiwashi ovyo. Unaiacha kwenye chaji mpaka ijae. Nikaona nikijizuia muda mrefu, nguvu itarudi."

"Nani kakwambia hayo?"

"Nimejiambia mwenyewe."

"Ya Rabi! Mimi nalia chumbani, kumbe mwenzangu anajichaji kwenye kochi?"

Alicheka, na kile kicheko kikageuka kilio. Kwao hakwenda tena.

Asubuhi walikwenda hospitali wote wawili. Daktari, mama wa makamo, alimsikiliza fundi mpaka mwisho, akavua miwani.

"Baba, mbegu si betri. Kila moja ina vinu vyake vidogo vinavyogeuza chakula kuwa nguvu ya kupiga mkia. Ukizifungia muda mrefu zinachakaa humo humo. Acha sigara, tumia dawa, na urudi chumbani kwako."

"Tutapata mtoto?"

"Hilo siahidi. Tutatibu, halafu tutapima tena."

Walitoka. Pale getini simu ya mke ikaita. Wifi. Mume akaichukua, akaweka spika.

"We tasa, bado umeng'ang'ania nyumba ya kaka yangu?"

"Ni mimi kaka yako. Asiyezaa ni mimi. Waambie na wenzako wote, na mke wangu umwombe radhi."

Simu ikakatwa.

"Mume wangu, kesho mtaa mzima utakucheka."

"Wacheke. Wewe umelia peke yako vya kutosha."