Koti Alilopimiwa Joash

Treni ya Kitale iliingia stesheni ya Nakuru saa nne na dakika ishirini, Jumamosi moja ya Machi 1955. Abiria wa daraja la tatu walishuka kwa kusukumana. Mmoja wao, mwanamke mwenye gauni la maua ya samawati na kitambaa cheupe kichwani, alikuwa amekumbatia cherehani ya mkono. Hakuona mbele vizuri, akamkanyaga dereva aliyekuwa akingoja mzigo.

"Pole, bwana. Nimekuumiza?"

"Mguu huu haukuwa na kazi leo," dereva alisema. "Lakini ungeniangushia hiyo cherehani, ningekudai mguu mwingine."

"Ningekushonea."

Dereva akacheka. Aliitwa Odero. Mwanamke alikuwa Nasimiyu, fundi cherehani kutoka Kimilili, na alikuwa anatafuta kazi.

Nyuma ya Odero alisimama mwanamume mrefu mwenye suti ya kijivu. Alisikia neno fundi, akavua kofia. "Kazi ipo, dada. Chakula na pa kulala pia. Mimi ni Joash. Nipe kipande chako nikuandikishe."

Odero alijua kipande hicho, cheti chake cha utambulisho, hakitarudi. Chake kilikuwa ndani ya mkebe wa Joash mwezi wa saba sasa. Alitazama reli.

Joash aliongoza genge lililovaa sare bandia za polisi, likisimamisha malori njia ya Gilgil na kuyapakua. Nyumba yao ya mawe ilikuwa ng'ambo ya Bondeni, upande wa ziwa, ambako upepo wa mchana ulijaza vumbi la magadi madirishani. Hakuna aliyefungwa pingu. Huo ulikuwa wakati wa hali ya hatari. Asiye na kipande hakufika mbali kabla ya kusimamishwa, na aliyesimamishwa bila karatasi alipelekwa kambini.

Nasimiyu, aliyetoa kipande chake palepale stesheni na kuanza kushona sare, aliyaelewa hayo ndani ya wiki moja.

"Ulijua," alimwambia Odero.

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Alimnunia siku nne. Siku ya tano alihitaji mtu wa kumshikia upande wa pili wa kitambaa, akamwita. Kufikia Juni Odero alikuwa akimletea makaa ya pasi kila asubuhi, na yeye alikuwa akimwita dereva wangu. Walipanga mambo ambayo watu wasio na vipande hawana haki ya kuyapanga: chumba, meza, kitanda cha mbao.

Agosti, Joash alitaka koti la sajini. Angeingia stesheni mchana, na barua ya kughushi, atoe marobota arobaini ya blanketi kwenye ghala la mizigo. Mlangoni husimama inspekta. Ilibidi ampigie saluti.

Odero alikuwa chini ya boneti ya lori alipowaona dirishani. Joash aliinua mkono wa kulia mpaka kwenye paji la uso. Nasimiyu alipitisha tepu chini ya kwapa lake, akaivuta polepole mpaka kiwikoni. Joash akacheka. Nasimiyu naye akacheka. Jumatano walirudia. Alhamisi tena.

"Mara tatu," Odero alisema jioni.

"Umehesabu?"

"Nina macho."

"Basi macho yako yanafanya kazi kuliko mikono. Lori limepona?"

"Mimi ulinipima mara moja tu."

"Wewe ulitulia."

"Alicheka nini?"

"Alitekenyeka, Odero. Kwapa ni kwapa."

"Na wewe?"

"Ulitaka nilie?"

Hakumwambia zaidi. Uso wa Odero haukuficha kitu. Hata Kipsang, mlinzi wa lango, aliusoma kila siku na kumcheka.

Ijumaa asubuhi koti lilining'inia msumarini, kola imepigwa pasi ikasimama, vifungo vya shaba vinameta. Odero hakuwa ameona Nasimiyu akishona kitu kizuri hivyo. Alifikiria vidole vyake vikivifunga vifungo hivyo kimoja kimoja kifuani mwa Joash, akashindwa kuvumilia.

"Bosi," alisema, "ukishikwa wewe tumekwisha wote. Kaa garini. Tunalingana urefu. Nitalivaa mimi."

Joash alimtazama, kisha akamtazama Nasimiyu. "Hiyo ni akili au wivu?"

"Vyote viwili."

Joash alicheka mpaka akashika ukuta. "Livae. Fundi, mfunge bwana huyu vifungo." Akatoka kwenda kwenye lori.

Pasi ilimtoka Nasimiyu mkononi. Alimkaribia Odero, akashika kifungo cha kwanza.

"Usiinue mkono wa kulia."

"Kwa sababu koti ni la mpenzi wako?"

"Kwa sababu mkono wa koti umeshikwa na bandi tu, ule uzi wa muda. Nimepima mara tatu nijue saluti itaukata wapi. Mbele ya inspekta. Ilikuwa saluti ya Joash, mjinga wewe!"

Odero alitazama mshono wa bega.

"Mbona hukuniambia?"

"Kwa uso huo?" Akafunga kifungo cha pili. "Sema mkono unauma. Utie mfukoni. Chukua blanketi zao urudi. Nitatafuta njia nyingine."

"Mkebe wa vipande uko wapi?"

"Chini ya kiti cha lori. Hauachi nyumbani. Odero, rudi!"

Honi ililia uani.

Stesheni ilikuwa imejaa watu. Odero aliegesha lori, akamwacha Joash ndani, akautia ufunguo mfukoni mwa koti. Alipita mahali alipokanyagwa mwezi wa tatu. Inspekta alisimama mlangoni na askari wawili. Barua ilikuwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni.

Siku ile ya Machi palitakiwa neno moja tu, naye alitazama reli.

Alitoa mkono mfukoni, akapiga saluti, kiwiko juu.

Uzi ulikatika kuanzia begani. Mkono wa koti uliteremka mpaka kwenye kiganja, na shati la dereva, la buluu, lenye viraka, likaonekana. Inspekta aliutazama uzi mweupe uliokuwa ukining'inia. Odero akageuka akaonyesha lori. Joash alikuwa akipapasa mahali pa ufunguo.

Askari walimkamata Joash, na chini ya kiti walikuta vipande tisa. Nasimiyu alipewa chake Jumatatu. Odero alikiri mahakamani kwamba aliendesha lori lile tangu mwanzo. Alipewa miezi kumi na minne.

Alitoka Oktoba ya mwaka uliofuata, amekonda. Nasimiyu alikuwa nje ya lango la gereza, amevaa gauni lile la maua, kitambaa cheusi cha sufu mkononi, tepu shingoni.

"Ulinisubiri?"

"Nilikuwa na wateja."

"Wanaume?"

"Wanaume huvaa nguo, Odero. Simama wima." Alimpima bega, akaandika. Akampima tena. Akarudia.

"Mara tatu?"

"Koti la harusi halipigwi bandi. Mchungaji ametupangia Jumamosi ya pili ya Desemba. Una neno?"

Odero aligusa kitambaa kile cheusi. Kisha askari wa lango akampungia Nasimiyu mkono.

"Yule unamjuaje?"

"Nilimshonea suruali."

"Ulimpima?"

"Inua mkono, Odero."