Noti Zisizokunjwa

JUMAMOSI, SAA KUMI JIONI. SARANG'OMBE

"Atakayekunja hata noti moja, namvunja vidole," Githinji alisema.

Walikuwa watatu nyuma ya kibanda cha chipsi, mlango umefungwa, mafuta yakichemka upande wa pili wa bati. Githinji ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mtu wa Kawangware, mwizi wa magari wa zamani. Alikuwa ametoka jela juzi tu baada ya miaka sita, na bado alijiona mfalme wa jiji. Jackie alikuwa mfua nguo wa nyumba za watu. Opondo alikuwa mwendesha bodaboda.

"Albamu iko chini ya kitanda," Jackie alisema. "Noti kumi na mbili, mia mia za mwaka wa sitini na sita. Mzee Muchiri huzitoa kuziangalia, mimi nikimfulia soksi."

"Nani mjinga wa kununua pesa iliyokufa?" Opondo aliuliza.

"Yuko tao, mjini kati. Elfu arobaini kila noti," Githinji alisema. "Lakini iwe haijawahi kukunjwa. Ikikunjwa tu, ni karatasi ya kufungia njugu. Babangu alikuwa akisema mia ya siku hizo ilikuwa mbuzi na nauli ya kumleta nyumbani. Leo mia hainunui pakiti ya unga."

Opondo hakucheka. Pesa iliyokufa aliijua sana. Mwaka wa elfu mbili kumi na tisa, serikali ilipoua noti ya zamani ya elfu moja, mamake, Aoko, alikuwa kijijini Alego miezi mitano akimuuguza dadake. Mkebe wake wa mafuta ya Kimbo ulikuwa Kibera, chini ya kitanda, na elfu tisini za kuuza samaki wa omena ndani. Hakuwa amemwambia mtu. Aliporudi, siku ya mwisho ilikuwa imepita. Benki walimwangalia kama mwendawazimu.

Hiyo ilikuwa pesa ya mabati. Kwao, mjane hazikwi bila nyumba yake bomani, na boma la Aoko lilikuwa nyasi tupu. Sasa alikuwa akikohoa damu. Mgao wa Opondo ulikuwa nyumba hiyo, basi.

"Muchiri yuko kanisani saa tatu mpaka saa tano," Githinji alisema. "Jackie anaingia kwanza, mbwa anamjua. Mimi navunja mlango. Opondo anangoja kwa kona. Swali?"

"Tukimaliza nitapitia kwa mamako," Jackie alimwambia Opondo. "Nilimwahidi nitamfulia blanketi."

"Hapa si mahali pa blanketi," Githinji alisema.

JUMAPILI, SAA NNE NA DAKIKA TANO ASUBUHI. RIRUTA SATELLITE

Mbwa alibweka mara moja akanyamaza. Opondo alikaa juu ya pikipiki, reflekta mwilini, jasho mgongoni. Mama mmoja alipita na Biblia, akamsalimia. Alimjibu vizuri tu.

Githinji akatoka. Peke yake. Albamu ilikuwa ndani ya jaketi. Alivuta geti la chuma, akatia kufuli yake mwenyewe, mpya kabisa. Kumbe alikuwa ameinunua mapema.

"Jackie je?"

"Amebaki."

"Amebaki aje?"

"Mzee akirudi apate mwizi. Wakiwa na mwizi, hawatafuti mwingine. Washa, wewe."

Nyuma ya geti Jackie alianza kugonga. Hakupiga kelele, angeita majirani. Aligonga kwa kiganja, polepole, na kusema, "Opondo. Opondo, nifungulie."

Tusidanganyane. Hapo ndipo mwanamume angeshuka. Opondo aliwaza mabati, akawasha pikipiki.

SAA NNE NA ROBO. KAWANGWARE

Walipofika karibu na soko, kisu kilimgusa mbavu kutoka nyuma.

"Simama. Shuka."

"Na mgao wangu?"

"Mgao wako ni kushuka. Utapiga nduru? Piga. Hapa kwetu, wananijua tangu nikitambaa. Wewe nani anakujua? Watatuangalia sisi wawili, halafu watakuchoma wewe."

Opondo alishuka. Akishuka, mkono wake wa kushoto ulipita chini ya tangi na kufunga koki ya mafuta. Githinji hakuona. Alimkata mkono wa kulia, kidogo tu, amkumbuke, kisha akapanda na kuondoka.

Hapo alikosea, na kosa lenyewe ni la mtu aliyekaa ndani miaka sita. Mwibie Opondo mgao, atanyamaza. Mkate mkono, atafunga kitambaa. Lakini kuchukua pikipiki ya mtu wa boda mchana, hatua hamsini kutoka stage ya boda? Hiyo ni kujichimbia kaburi na kulipima urefu.

"Nduthi yangu!" Opondo alipaza sauti. "Ameiba pikipiki!"

Hakuna aliyemuuliza ni wa kabila gani. Pikipiki ishirini ziliwaka pamoja.

SAA NNE NA DAKIKA ISHIRINI

Petroli iliyobaki kwenye kabureta ilimfikisha Githinji mita mia tatu. Injini ikakohoa, ikazima. Walimzunguka.

"Mimi ni wa hapa," alisema. Alimwona Waithira, muuza sukuma wiki, mama aliyemlisha utotoni. "Mama Waithira, waambie."

Waithira aliinama, akaendelea kukatakata mboga. "Mimi simjui huyu," alisema.

Githinji alitupa kisu. Alifungua albamu, akararua plastiki, akanyoosha noti kwa mikono yote miwili. Vidole vyake vilikuwa vinazikunja na hata hakujua.

"Chukueni! Elfu arobaini kila moja. Chukueni, mniache."

Kijana mmoja alichukua moja, akaiinua juani.

"Mia ya kitambo? Buda, mama yangu alibaki na gunia la elfu zilizokufa, na wewe unatuhonga na maiti?"

Aliikunjakunja, akaitupa mtaroni. Wakacheka, na kicheko hicho hakikuwa na utani. Halafu jiwe la kwanza.

Opondo alikuwa amefika, damu ikimtiririka vidoleni. Yeye peke yake pale alijua Githinji anasema kweli. Neno lake moja lingesimamisha mawe, na lingemfanya mwizi wa pili. Alifunga mdomo. Kusema ukweli, hakumhurumia hata chembe. Alihesabu noti zikikanyagwa. Kumi na moja, na ile ya mtaroni.

SAA TANO KASORO DAKIKA ISHIRINI

Polisi walikuta kazi imekwisha. Opondo aliokota noti moja mtaroni, akafungua koki, akawasha pikipiki. Kushoto ni Satellite, kwa Jackie, dakika tano. Kufuli ile ingevunjika kwa jiwe. Lakini polisi walikuwa wamejaa barabarani na mkono wake ulikuwa na damu.

Akakata kulia, Kibera.

SAA TANO. KISUMU NDOGO

Aoko alikuwa ameketi kitandani, blanketi limekunjwa miguuni. Alimfunga mwanawe mkono kwa kitambaa. Kisha akaiona ile noti. Aliinyoosha juu ya paja, akaifuta matope kwa mate, akatoa mkebe wa Kimbo chini ya kitanda na kuilaza juu ya elfu zake.

"Hii nayo imekufa?" aliuliza.

"Imekufa, Mama."

Alifunika mkebe.

"Nimeteka maji ya kufulia, mitungi miwili," alisema. "Wuoda, mwanangu, Jackie anakuja saa ngapi?"