Mgeni wa Kiti cha Winifred

Haya yote niliyaona kwa macho yangu mwenyewe. Anayebisha aje hapa Barnsley anibishie usoni.

Jirani yangu Winifred, mjane, alikuwa ndiyo kwanza amehamia nyumba ya kupanga ya Clifford Thackray. Jumapili moja ya baridi nilimpelekea sahani ya nyama ya kuokwa. Nikamkuta kando ya jiko la makaa ya mawe, kashika kichwa.

"Amekuja tena," akaninong'oneza.

"Nani?"

"Yule mzee. Anakaa kiti kile. Ananiambia, toka nje, mpenzi."

Nywele zilinisimama. Kwenye kiti kile ndipo alipokutwa amekufa Amos Firth, mpangaji wa kabla yake. Walisema ni moyo. Winifred hakuna aliyemwambia.

Lakini gesi ya makaa nayo huumiza kichwa na kumwonyesha mtu yasiyokuwepo, basi nikatazama ukutani. Tundu la hewa alikuwa amelisokomeza soksi kuukuu kuzuia baridi, kama mtaa wetu mzima tunavyofanya. Dari tupu. Nikamwita Thackray, nikamweleza habari ya yule mzee.

"Clifford, kwenye jiko la makaa sheria inakutaka ufunge king'ora cha gesi ya sumu, tena ukijaribu siku mpangaji anapoingia. Kiko wapi?"

"Kipo, domo kaya wewe! Kwenye droo, hata boksi sijafungua."

"Kwenye droo kitanusa nini? Vijiko?"

"Wiki ijayo nitakifunga. Na wewe mama, punguza mvinyo wako wa sheri, hutaona wazee."

Winifred hakucheka. Nilimsihi aje kwangu. Akakataa, hiyo ndiyo nyumba yake, atakwenda wapi? Nikazing'oa zile soksi. Nilipoondoka alizirudisha.

Kesho yake mchana theluji ilianguka. Nilikuwa nakunywa chai. Ukuta unaotenganisha nyumba zetu ukagongwa. Kutoka kwake. Polepole.

Nikaita. Kimya.

Ukagongwa tena. Kwa nguvu.

Nikatoka mbio. Mlango umefungwa. Mimi si mtu wa mchezo: nikaupiga bega moja, ukang'oka na bawaba zake. Ndani hakuna moshi. Hakuna harufu. Winifred yuko sakafuni, uso mwekundu kama nyanya. Nikambeba hadi nje.

Zimamoto walitoa kiota cha kunguru kwenye bomba la moshi. Gesi yote ilikuwa inarudi chumbani. Daktari alisema angechelewa kutolewa kidogo tu, tungemzika. Jioni ile Thackray alipanda ngazi na king'ora chake, akakifunga darini.

"Uligonga ukuta saa ngapi?" nilimuuliza Winifred hospitalini.

"Ukuta gani? Hata kidole sikuweza kuinua."

Basi, chumvi nimetia mahali pamoja tu. Mlango sikuuvunja. Niliukuta wazi, na Winifred kalala nje, katikati ya njia, sweta lake lina alama za vidole vya masizi kwapani, kulia na kushoto. Kwenye theluji kulikuwa na mistari miwili ya visigino vyake, kutoka kizingitini hadi alipolala.

Nyayo za aliyemburuta hazikuwepo.