Kupita kwa Kichwa na Mabega

Jumamosi asubuhi Chelagat alikama ng'ombe, akaosha mikebe ya maziwa, kisha akamfuata mama yake kwenye shamba la viazi. Ukungu wa Kuresoi ulikuwa haujaondoka. Njiani alirudia moyoni msemo wa Kiingereza waliofundishwa na Mwalimu Edinah: kuwapita wengine kwa kichwa na mabega.

"Hauhusu urefu," mwalimu alikuwa amesema. "Ni kuwa bora hadi kila mtu aone. Jumatatu nileteeni mfano wa kweli."

Chelagat alitaka mfano huo uwe yeye mwenyewe. Alijaza gunia lake upesi: viazi vidogo na vya kijani, visivyouzika, chini, vile vikubwa juu.

"Gunia lako limevaa nguo za Krismasi!" kaka yake Kiplangat alimcheka.

"Wivu tu," Chelagat akajibu.

Mnunuzi, Bwana Muiruri, alifika na lori kutoka Nakuru. Gunia la Chelagat ndilo lililomvutia kwanza. Akalimwaga juu ya turubai. Viazi vya kijani vikabiringika hadi kwenye viatu vyake.

"Mama Kiplangat, hata wewe?" aliuliza kwa huzuni. "Miaka yote napakia viazi vyako bila kuvikagua. Leo wacha nirudi tu."

Akashika mlango wa lori. Chelagat akaelewa. Mavuno yote yangeoza kwa sababu yake.

"Ni mimi!" alisema huku akilia. "Mama hakujua."

Mama alimtazama, asimkemee. "Bwana Muiruri, usituamini kwa maneno. Mwaga yote."

Gunia la pili likamwagwa, kisha la tatu, kisha yote yaliyobaki. Viazi vya chini vilikuwa kama vya juu, vikubwa na visafi. Ukungu ulikuwa umeondoka, na jua likaangaza turubai nzima. Bwana Muiruri alivua kofia. Chelagat alimtazama mama yake, magoti yamejaa udongo, kitambaa cha kichwa kimefifia, kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza.

"Tupakie," Bwana Muiruri akasema kwa sauti ya chini.

Jumatatu Chelagat alisimama darasani akasimulia yote, hata kosa lake. "Mama yangu," akamalizia, "amewapita wengine kwa kichwa na mabega."

Mwalimu Edinah aliandika msemo huo ubaoni.

"Umeutumia vizuri," alisema. "Msemo huu mtu hajisemei, Chelagat. Husemwa na wengine, wakishaona hadi chini ya gunia."