Kaseti ya Kupimia

Yaliyompata rafiki yangu Munyao, fundi wa redio pale Kawangware 46, alinisimulia kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya unga.

Mteja mmoja, Hadia, alitoka Kibera na wokmani, kile kiredio cha kaseti cha mkononi, ya marehemu babake. "Fundi, itapona kweli?"

"Itapona. Pitia jioni."

Mkanda wa mpira ndani ulikuwa umeyeyuka kama lami. Munyao akaukwangua, akafunga mwingine, akavaa vipokea sauti masikioni. Kisha akaweka kaseti yake ya kupimia, aliyomrekodia mkewe Kalekye akiimba jikoni, mwaka mmoja kabla ya kumzika. Sauti ikitoka nyembamba kama ya mtoto, mota inakimbia. Ikitoka nzito, inajikokota. Mashine zote alizipima hivyo, hadi akawa hamsikii tena Kalekye. Alisikia kasi tu.

Stima zikapotea, kibanda kikaingia giza. Wokmani ilitumia betri, ikaendelea. Kalekye akamaliza kuimba, akakohoa kile kikohozi chake kifupi, akanyamaza. Kasi ilikuwa sawa.

Munyao akageuza upande wa pili, ambao haukuwahi kurekodiwa kitu, asikie kama mkanda mpya wa mpira unakwaruza. Akasikia mtu anapumua. Akaweka bisibisi mezani. Ndani ya kaseti, bisibisi ikagonga meza. Akabana pumzi. Pumzi ya kwenye kaseti nayo ikakatika.

Nyuma yake ilibaki pumzi nyingine, ikienda polepole. Baadaye ikakohoa, kile kikohozi kifupi.